Dawa na Kipimo Chake

Mama mmoja alimpeleka mwanawe zahanati, mwili ukiwaka homa. Mwuguzi akampima damu, akaona ni malaria. Akampima na uzito pia, kilo 18, maana dawa ya mseto hutolewa kwa kadiri ya uzito. Akampa mama vidonge 12, akasema, "Mpe viwili sasa, na viwili zikipita saa 8. Kesho na kesho kutwa mpe viwili asubuhi na viwili jioni, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta."

Kisha akamwuliza, "Mama, hebu nieleze, utampaje?"

Mama akajibu, "Nitampa hata homa itulie, vitakavyosalia nitamwekea mdogo wake."

Mwuguzi hakumkemea. Akasema, "Homa hutulia kabla vijidudu havijaisha katika damu. Ukiacha, vitaongezeka tena, na mtoto aweza kufa. Na huyo mdogo ana kipimo chake mwenyewe." Mama akayarudia maagizo yote sawasawa, ndipo akaenda zake.

Kesho yake mtoto alikuwa akicheza uani. Hata hivyo mama alimwita kila wakati wa dawa, mpaka vidonge vikaisha.

Basi, wanafunzi, kupata nafuu siko kupona. Nanyi mkipewa dawa, ulizeni. Kuuliza si ujinga.

Maswali

1. Kwa nini mtoto alipimwa uzito?
2. Mwuguzi alijuaje kwamba mama hakuelewa?