KIOO AU VIGAE NYUMA YA JIKO?

Muhula huu, katika somo la Fizikia, tulifundishwa namna vitu vinavyotanuka kwa joto. Nyumbani kwetu Darajani somo hilo lilikuja kwa wakati wake. Mama alikuwa ameacha seredani na kununua jiko la gesi, na ukuta wa nyuma, mweusi kwa masizi ya miaka mingi, ulitaka kutengenezwa. Ami alipendelea kioo, kwa kuwa ni kipande kimoja kisicho na maungio. Mama alitaka vigae. Fedha zilitosha kwa kimoja tu, nami nikaombwa nieleze niliyoyasoma.

Kioo hakipitishi joto upesi. Moto ukikipiga mahali pamoja, pale hutanuka, na pembezoni hubaki baridi, ndipo kinapopasuka. Kioo cha urefu wa mita 1, joto lake likizidi kwa digrii 100, hurefuka kiasi cha milimita 0.9. Ni kidogo, lakini kioo hakina subira. Kile cha dirisha chaweza kupasuka tofauti ya joto baina ya sehemu zake ikifika kiasi cha digrii 40, kwa hiyo hakifai kabisa jikoni. Kinachofaa ni kioo kilichopashwa moto kiwandani kupita digrii 600, kisha kikapozwa ghafla kwa upepo. Hicho huvumilia, na kikivunjika huwa punje butu. Ila hakikatiki tena: vipimo na matundu ya swichi hufanywa kwanza, na aliyekosea kipimo hununua kingine.

Kigae nacho ni udongo uliochomwa, na mng'aro wake ni kioo chembamba kilichoyeyukia juu yake. Wazee wa pwani waliujua mng'aro huo, wakapachika mabakuli ya Kichina kutani, ingawa kwa pambo, si kwa mafuta ya samaki! Udhaifu wa vigae ni maungio, ambayo hunyonya mafuta.

Lakini naona waliobishana walisahau kuuangalia ukuta wenyewe. Nyumba yetu, kama nyingi za Mji Mkongwe, ni ya mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta kama huu hunyonya maji, kisha huyatoa hewani kupitia chokaa. Ukizibwa wote, unyevu hukaa ndani, na chumvi hubambua lipu. Tena haukunyooka. Nilinyoosha uzi, nikaona umebonyea vidole viwili katikati. Kioo kimoja kisingeuegemea sawasawa. Vigae vidogo huufuata ulivyo.

Ami alikubali, kwa shingo upande. Fundi naye alitaka kupandisha vigae mpaka darini, Mama akamkatalia. Vimewekwa nyuma ya jiko tu, kiasi cha mkono mmoja kwenda juu, na ukuta uliobaki umepakwa chokaa. Maungio ni membamba, na kila Alhamisi ndugu yangu mdogo huyasugua kwa mswaki na sabuni, huku akinung'unika kwamba kioo kingekuwa bora.