Shafti Moja, Msimu Mmoja: Elimu ya Kuchonga Chuma na Faida Yake kwa Wakulima wa Ozi

Huko Ozi, karibu na mahali Mto Tana unapoingia Bahari ya Hindi, mkulima wa mpunga huishi kwa kuhesabu maji. Bahari ikijaa, husukuma mto nyuma na maji matamu hupanda kuelekea mashambani. Mto ukipungua wakati wa kiangazi, yanayopanda ni maji ya chumvi. Siku za maji matamu zikiwa chache, anayetumia pampu huitegemea sana. Ikiharibika siku hizo, na shafti yake ikalazimika kupelekwa Malindi au Mombasa, msimu unaweza kupotea. Linaloumiza zaidi ni kurudishiwa shafti mpya inayong'aa, kisha ikaharibika tena baada ya siku chache.

Mara nyingi chanzo ni kosa dogo kuliko unene wa unywele. Makala hii inaeleza kosa hilo hutoka wapi, na namna wahandisi wa Kenya walivyolichunguza.

Profesa na kosa dogo

Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT), kilichoko Juja, kilianza mwaka 1981 kwa msaada wa serikali ya Japani, na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Mmoja wa wahandisi wa mitambo wa chuo hicho ni Profesa Bernard Ikua. Mwaka 2001 na 2002, yeye na watafiti wenzake wa Japani walichapisha utafiti wa sehemu mbili katika jarida la kimataifa la Precision Engineering. Walitaka kujua kabla ya kukata: kisu chenye ncha ya mviringo kikichonga chuma chenye umbo la kupinda, kitasukumwa kwa nguvu kiasi gani, na kosa litakuwa kubwa kiasi gani? Sehemu ya kwanza ilikuwa ya hesabu. Ya pili ilikuwa ya majaribio, kuona kama hesabu ile inakubaliana na chuma chenyewe.

Kwa nini chuma kikosee, ilhali mashine ni imara? Mtu anayeendesha mtumbwi kwa upondo anajua jibu. Upondo ukishikwa karibu na mwisho unaogusa tope, haupindi sana. Ukishikwa mbali, hupinda. Kisu cha mashine pia hupinda kinaposukumana na chuma, hata kama jicho halioni. Kanuni yake ni hii: nguvu ikibaki ileile, urefu wa kisu kinachochomoza ukiongezeka mara 2, kupinda huongezeka mara 8. Kisu kikipinda, hukata pungufu au kupita kiasi, na kipimo huharibika.

Kukereza, kufinyanga na vipimo

Pwani haikuanza jana kazi ya namna hii. Miguu ya vitanda vya Lamu imekerezwa kwa mikono ya mafundi kwa vizazi vingi. Kerezo la chuma hufuata njia ileile: kitu huzungushwa, kisu hukaribishwa, ziada huondolewa.

Njia ya pili ni kufinyanga chuma bila kukikata. Sufuria hupatikana kwa kukandamiza bamba la alumini ndani ya umbo. Mabati hupatikana kwa kupitisha chuma kati ya magurudumu mazito; kazi hiyo inafanyika hata Mariakani katika Kaunti ya Kilifi. Hapa shida ni nyingine: chuma kikikunjwa kisha kikaachiliwa, hurudi nyuma kidogo. Fundi mzuri hukikunja kuzidi anavyotaka, ili kikirudi kifike pale panapotakiwa.

Kipimo cha kazi hizi ni maikroni, yaani sehemu 1 kati ya 1,000 za milimita. Unywele wa mtu una unene wa takriban maikroni 70. Shafti ya milimita 25 inayobeba beringi mara nyingi huchongwa izidi kipimo hicho kwa maikroni 2 hadi 15 tu. Ikiwa nyembamba, beringi huzunguka juu ya shafti na kuila. Ikiwa nene kupita kiasi, beringi hubanwa, hupata joto na kufa mapema.

Joto nalo hudanganya. Shafti ya chuma ya milimita 50 ikipata joto la nyuzi 30 zaidi, hunenepa kwa takriban maikroni 18. Ndiyo maana shafti iliyotoka kwenye kerezo sasa hivi haipimwi mpaka ipoe.

Mambo ya kuzingatia kwa mwenye pampu

1. Peleka shafti ya zamani pamoja na beringi mpya. Fundi apime vyote viwili kwa mikromita, si kwa rula.
2. Uliza kama shafti imepimwa ikiwa imepoa.
3. Usikubali beringi igongwe kwa nyundo moja kwa moja, wala shafti ifungwe karatasi ya bati ili beringi ikaze. Hiyo ni dalili kwamba kipimo kimekosewa.
4. Pampu ikigusa maji ya chumvi, isuuze kwa maji matamu siku hiyohiyo. Chumvi hula chuma palepale sili inapokaa.
5. Kikundi cha wakulima kinaweza kuweka shafti moja ya akiba, iliyopimwa na kupakwa grisi, kabla ya msimu kuanza.

Njia kwa vijana

Katiba ya mwaka 2010 imeweka vyuo vya ufundi vya vijijini chini ya serikali za kaunti. Kijana anaweza kuanzia huko, akaendelea hadi stashahada na hatimaye shahada. Masomo yanayofungua mlango ni hisabati na fizikia, kwa wasichana na wavulana sawasawa. Anayejua kusoma mikromita na kueleza kwa nini kisu kimepinda hahitaji kwenda mbali kutafuta kazi: kila pampu, kinu cha mpunga na injini ya boti katika delta inamsubiri.

Jipime

Swali: Kisu kinachochomoza milimita 20 kimeleta kosa la maikroni 5. Kikichomoza milimita 40, kwa nguvu ileile, kosa litakuwa kiasi gani?

Jibu: Urefu umeongezeka mara 2, kwa hiyo kosa huongezeka mara 8, yaani maikroni 40. Hilo linatosha kuharibu shafti nzima. Dawa yake haina gharama: fupisha kisu kabla ya kuwasha mashine.