Kufuata Mkumbo: Somo Kutoka Soko la Hisa

Wahenga walisema, penye wengi hapaharibiki neno. Hekima hiyo ina sharti moja: kila mmoja wa hao wengi awe ameangalia kwa macho yake mwenyewe. Sharti hilo likikosekana, wingi wa watu si ushahidi.

Jaribio la darasani

Mwalimu atayarishe mifuko miwili. Mfuko A uwe na punje 2 nyekundu za maharage na 1 nyeupe. Mfuko B uwe na 1 nyekundu na 2 nyeupe. Achague mmoja kwa siri. Kila mwanafunzi kwa zamu atoe punje moja, aitazame peke yake, airudishe, kisha atangaze kama mfuko ni A au B.

Iwapo wawili wa kwanza wamepata nyekundu, watasema A. Wa tatu, hata akipata nyeupe, huona kuwa nyekundu 2 zinaishinda nyeupe 1, naye husema A. Wanaofuata hufanya vivyo hivyo. Hivyo sauti 30 za darasa hubeba ushahidi wa punje 2 tu. Na kama mfuko ni B, uwezekano wa darasa kupotoka hivyo tangu mwanzo ni 1/3 × 1/3, yaani 1/9.

Katika soko

Kampuni ndogo za bioteknolojia hukaa miaka mingi zikitafiti dawa bila bidhaa ya kuuza. Mnunuzi wa hisa hana mapato ya kupima, na matokeo ya maabara ni magumu kuyaelewa. Basi hutazama jirani anafanya nini.

Mwezi Oktoba 1980, kampuni ya Genentech ya Marekani iliuza hisa kwa umma kwa dola 35. Katika muda wa saa moja hivi bei ilifikia dola 88, ingawa insulini yake iliyotengenezwa kwa bakteria haikuidhinishwa hadi 1982.

Mkumbo pia huacha vitu nyuma. Mwaka 2005 Katalin Karikó na Drew Weissman walionyesha jinsi ya kuibadili RNA ili mwili usiikatae, wachache walijali. Oktoba 2019 kampuni ya BioNTech ya Ujerumani, yenye kutumia elimu hiyo, ilitarajia angalau dola 18 kwa hisa ikapata 15. Baada ya chanjo ya UVIKO-19, Agosti 2021 bei ilipita dola 400. Mwisho wa 2022 ilikuwa chini ya 200.

Isidhaniwe kwamba kila kilichopuuzwa ni hazina. Takribani dawa 9 kati ya 10 zinazoanza kujaribiwa kwa binadamu hazifaulu. Anayekimbia kinyume cha kundi bila kupima naye anaongozwa na kundi.

Maswali

1. Matokeo ya jaribio yangebadilikaje kama kila mwanafunzi angeandika jibu lake kwa siri?
2. Kwa nini utafiti mzuri unaweza kukosa fedha?