SOMO LA WIKI: Klabu iliyopanda daraja isile mbegu

Mkulima wa pamba wa Somanda, Bariadi, hupata fedha nyingi kwa msimu mmoja tu. Akizimaliza zote, mwaka unaofuata hana cha kupanda. Klabu iliyopanda Ligi Kuu ina mtihani huo huo.

Singida United ilirejea Ligi Kuu msimu wa 2017/18 kwa kishindo: kocha Hans van der Pluijm, aliyewahi kuifundisha Yanga, pamoja na wachezaji wa kigeni. Mwaka 2018 ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho, ikafungwa na Mtibwa Sugar. Mwaka 2020 ikashuka daraja.

Mishahara ni gharama ya kila mwezi. Udhamini una mwisho. Chukua mfano wa klabu yenye mapato ya hakika ya sh. milioni 300 kwa mwaka. Ikiahidi mishahara ya milioni 30 kwa mwezi, fedha zitakwisha mwezi wa 10, kabla ya nauli na kambi.

Ubahili nao hushusha daraja. Basi klabu isajili, ila mkataba wa mchezaji usizidi ule wa mdhamini, na ziada iende kwa vijana. Anayeombwa mchango aulize kwanza: mshahara wa mwezi wa 11 utatoka wapi?