Tushone Daftari la Kikundi

Karatasi ikidondoka kwenye daftari la akiba, hesabu ya mwanachama imepotea. Basi tushone daftari wenyewe.

Tunakunja karatasi 10 katikati, pamoja na jalada gumu. Tunapata kurasa 40. Kwenye mkunjo tunatoboa matundu 3 kwa msumari. Uzi tunaupaka nta ya nyuki ili usilegee.

Sindano inaanzia ndani, tundu la kati, inatoka nje. Inaingia tundu la juu. Huko ndani inaruka la kati, inatokea tundu la chini. Halafu inarudi ndani kwa tundu la kati. Tukaze, tufunge ncha mbili juu ya uzi mrefu.

Mtu akichana ukurasa kwa siri, nusu yake ya upande wa pili italegea. Hapo tutajua. Mali bila daftari hupotea bila habari.