Shule za Mkataba za Marekani na Funzo Lililopotea Njiani

Ikumbukwe kwamba shule ya mkataba, kama ijulikanavyo nchini Marekani, ni shule ya umma pia. Hugharimiwa na serikali, haitozi karo, na maombi yakizidi nafasi, kura hupigwa. Tofauti yake ni kwamba huendeshwa na bodi yake yenyewe kwa mkataba unaoweza kufutwa matokeo yakiwa duni.

Mnamo mwaka wa 1988, Albert Shanker, aliyekuwa kiongozi wa chama cha walimu, aliwazia shule ambamo walimu wangejaribu mbinu mpya, kisha zilizofaulu zirudishwe katika shule za kawaida. Jimbo la Minnesota likapitisha sheria ya kwanza mwaka wa 1991. Hata hivyo, maabara iligeuka kuwa mshindani, naye Shanker akaupa mpango huo kisogo. Je, kilichogunduliwa kilirudi?

Wachumi Will Dobbie na Roland Fryer walichunguza shule 39 za mkataba jijini New York. Ajabu ni kwamba ukubwa wa darasa na fedha zinazotumiwa kwa kila mwanafunzi havikueleza mafanikio. Yaliyoambatana nayo ni haya: mwalimu kuangaliwa akifunza na kushauriwa mara kwa mara, alama kuongoza ufundishaji, muda mrefu wa masomo, mafunzo ya ziada katika vikundi vidogo na matarajio makubwa.

Kuanzia mwaka wa 2010, Fryer aliyapeleka hayo katika shule 20 za umma mjini Houston. Katika baadhi ya madarasa, mkufunzi mmoja alishughulikia wanafunzi wawili tu katika hisabati. Hisabati ilipanda kwa kiasi kikubwa. Usomaji haukusogea sana.

Tofauti hii haina budi kumshughulisha mwanafunzi wa lugha. Yamkini sababu ni kwamba hesabu za sehemu mtoto hufunzwa darasani, ilhali msamiati huanza kuokotwa nyumbani, katika mazungumzo na hadithi, miaka mingi kabla ya kengele ya kwanza. Saa moja zaidi ya mazoezi ya mtihani haiwezi kuziba pengo hilo. Kwa hiyo shule ya umma inaweza kuazima ukufunzi wa wawili wawili bila kungoja mkataba wowote, lakini kwa usomaji itahitaji vitabu, tena tangu madarasa ya chini kabisa. Aidha, gharama isifichwe: mjini Houston, walimu wakuu 19 kati ya 20 waliondolewa.