Kusoma Picha za Kale: Somo Kutoka Baringo

Mwaka huu nawaletea somo fupi kuhusu picha za zamani za nchi kame. Wengi wetu husema ati picha haidanganyi. Mimi pia nilisema hivyo, hadi babu aliponifungua macho.

Likizo ya Agosti nilitoka hapa Nakuru nikamtembelea huko Marigat. Katika sanduku lake nilipata picha ya uwanda ulio mbele ya boma. Ulikuwa mtupu kabisa: vumbi, makorongo na mbuzi watatu waliokonda. Mara moja nikasema, "Babu, kumbe nyinyi wafugaji ndio mlioimaliza nchi hii!"

Babu hakukasirika. Aliigeuza tu ile picha. Nyuma paliandikwa: Julai 1984. "Mjukuu wangu," akasema, "huo ulikuwa mwaka wa njaa. Mvua ilikataa karibu Kenya nzima. Mbona hukuuliza tarehe kwanza?" Niliona haya, nikanyamaza. Tangu siku hiyo, nikishika picha ya kale huuliza maswali manne.

Kwanza, ilipigwa lini? Tazameni Ziwa Nakuru. Mwaka 1996 lilikauka karibu lote. Miaka ya 2010 maji yalipanda hata yakafunika lango kuu la zamani la hifadhi. Picha mbili, ziwa moja, hadithi mbili.

Pili, ni nini kimeachwa nje ya picha? Maafisa wa kikoloni wa miaka ya 1920 na 1930 walilaumu mifugo ya Baringo kwa kuharibu ardhi. Kweli udongo ulimomonyoka. Lakini kulikuwa na ukame na nzige, na tena masetla walikuwa wametwaa malisho ya kiangazi ya upande wa kusini. Ukipiga picha ya ng'ombe waliosongamana, ukaliacha nje shamba la setla, lawama yote itamwangukia mchungaji.

Tatu, mahali pale pale panaonekanaje baadaye? Mwaka 1937 vilima vya Machakos vilipigwa picha vikiwa vipara. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walirudi wakapiga picha mahali pale pale. Watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na wengi wangetarajia jangwa. Badala yake walikuta miti na matuta ya "fanya juu" yaliyochimbwa kwa jasho la wenyeji. Matokeo yalitolewa katika kitabu cha Tiffen, Mortimore na Gichuki mwaka 1994. Kumbe mtu anaweza kuiponya ardhi!

Nne, kijani hicho ni kijani gani? Uwanda wa babu leo umejaa miti. Mgeni atasema nchi imepona. La hasha! Huo ni mti wa mathenge, ulioletwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kutupatia kuni. Uliota ukapita mipaka, ukasonga nyasi, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi. Miaka ya 2000 wenyeji walimpeleka mbuzi kibogoyo hadi mahakamani Nairobi awe ushahidi! Hata hivyo, wengine huuchoma makaa wakapata karo. Hayo yote hayaonekani katika picha.

Kabla sijaondoka, tulisimama pale pale aliposimama mpiga picha wa 1984, tukapiga nyingine. Babu alinipa kalamu. Nyuma niliandika siku, mwezi, mwaka, na maneno haya: "Miti hii ni mathenge. Nyasi hakuna."

Wenzangu, mkifika nyumbani fungueni masanduku. Waulizeni wazee wangali hai, kisha mwandike nyuma ya kila picha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Picha nayo ni mali.